Nyumbu Hawaitwi kwa Redio

Wewe unayetaka kuingia kazi ya kuongoza wageni porini, vuta kigoda ukae, na hiyo simu igeuze kifudifudi. Sikukatazi kuitumia. Najua picha ya nyumbu anayeruka mtoni umeiona humo kabla hujauona mto wenyewe. Ila ninachotaka kukueleza leo hakimo humo, na kinanikera hata kukitaja, kwa hiyo ukinikatisha katikati nitapoteza njia.

Kuna binti mmoja anaitwa Ghati, mwenyeji wa Turwa pale Tarime mjini. Alipoteza kazi hii kwa sababu aliifanya vizuri. Nimestaafu, naamka asubuhi hapa Nyambureti naangalia mahindi yangu, na bado jambo hilo linanikaa kooni. Nitakueleza lilivyokuwa. Lakini usipojua kwanza kwa nini nyumbu anatembea, hutaona ubaya uko wapi. Utadhani ni ugomvi wa madereva tu.

Tuanze na hilo tusi. Siku hizi mtu anayefuata wenzake bila kufikiri anaitwa nyumbu. Nimelisikia sokoni Mugumu, nimelisikia stendi ya Tarime, hata watoto wa shule wa hapa kwetu wanaitana hivyo wakigombana. Watoto wa wilaya ya Serengeti! Huwa nawaita, nawakalisha, nawauliza: mama yako akiona mvua imenyesha kwenye shamba la bondeni na la juu bado kavu, akabeba jembe akaenda bondeni, ni mjinga? Wanacheka, wanasema hapana. Basi, nawaambia, nyumbu naye ana shamba la juu na la bondeni, ila yake yameachana mbali, na jembe lake ni meno.

Mvua za vuli zikishika, nyumbu wako mbali kusini, kwenye uwanda usio na miti ambako majani ni mafupi kama yamenyolewa. Udongo wa kule umetokana na majivu ya milima ya moto, na majani yake yanajenga maziwa na mifupa. Ndiyo maana majike wanazalia kule, tena karibu wote kwa pamoja, hadi ndama wanajaa uwanda mzima. Fisi wanakula mpaka wanachoka, na ndama wanaobaki bado ni wengi kuliko walioliwa. Jike anayezaa peke yake wakati wenzake hawajazaa, huyo fisi wote watamjua. Sasa niambie hapo mjinga ni nani.

Shida ya kusini ni kwamba hakuna mto wa kudumu. Masika yakikatika, madimbwi yanakauka, na maji kidogo yanayobaki yanakuwa machungu. Hapo mkusanyiko unaanza. Makundi yaliyokuwa yametawanyika yanaungana, mistari inakuwa mirefu, na safari inageuka kuja huku. Wengine wanapita katikati ya hifadhi, wengine wanakuja magharibi, pande za Ikoma na Nata. Ni msimu wa kupandana pia, kwa hiyo madume wanakoroma mchana kutwa kama watu wanaobishana bei. Pundamilia wanatangulia, kwa sababu wao wana meno ya kukata majani marefu na magumu. Nyumbu anafuata, anakula yale ya chini. Swala tomi anakuja mwisho, anadonoa machipukizi. Hakuna aliyewapangia zamu.

Kiangazi kikikaza, majani mabichi na maji vinabaki huku juu, Mto Mara. Upande huu ni Kogatende, ng'ambo ni Lamai, ambayo iko Wilaya ya Tarime. Huku hunyesha hata wakati ambao kusini ni vumbi, maana mawingu ya ziwani yanatufikia. Lakini mvua yake ni ya vipande. Leo inanyesha Lamai, keshokutwa inanyesha upande huu, na nyumbu anaifuata. Anavuka, anakula, anarudi, anavuka tena. Akiona umeme mbali na harufu ya udongo uliolowa ikamfikia, ameshaanza kupiga mahesabu yake. Na siku hizi mahesabu yamekuwa magumu, maana vuli ikichelewa, wanatushangaza kwa kubaki huku tulipodhani wameshaondoka. Ile habari kwamba anavuka mara moja kwenda na mara moja kurudi, kama mtu aliyekwenda hospitali Musoma, ni ya matangazo.

Matangazo hayo ndiyo yanawaleta wageni wakiuliza wanavuka saa ngapi. Mgeni wangu mmoja aliniuliza hivyo tukiwa bado tunakunywa chai, kofia ameshavaa. Nikamjibu kwamba basi la Mugumu lina saa yake ya kuondoka na bado linachelewa, sembuse nyumbu ambaye hajakata tiketi. Alicheka, na kwa tulivyoelewana siku ile, alikaa mchana mzima akitazama tai na hakulalamika hata kidogo. Mgeni ukimweleza ukweli asubuhi, mchana hakusumbui. Shika hilo, litakusaidia kuliko darubini.

Mimi nilifundishwa na Mzee Makuru, Muikoma, dereva wa zamani ambaye ukoo wake ulikuwa wa wawindaji kabla uwindaji haujazuiwa. Alikuwa na tabia ya kuegesha gari mahali ambapo naona hapana kitu, kisha anavua viatu. Akishavua viatu ujue hapo ni mpaka jioni. Siku za mwanzo nilikuwa nakodolea macho wale nyumbu wa mbele, waliosimama ukingoni wakinusa maji. Mmoja akipiga hatua, moyo unaniruka. Akirudi nyuma, nakata tamaa. Mzee akanitania kwamba naangalia mbele kama abiria.

"Dereva wao yuko nyuma," akaniambia. "Angalia walio nyuma."

Alikuwa sahihi. Wa mbele anaona maji, anaona mamba, anaogopa. Wa nyuma haoni chochote, ananusa majani ya ng'ambo tu, naye anasukuma. Vumbi la nyuma likizidi kuwa zito, na waliokuwa wamelala wakiinuka na kujipanga, basi wa mbele ataingia majini atake asitake. Ikiwa wa nyuma wameanza kuinamisha vichwa na kula, vua viatu.

Wewe uliyekulia kwenye ng'ombe utanielewa haraka nikikupeleka kwenye josho. Umewahi kupeleka mifugo kuogeshwa. Ng'ombe wanabanwa kwenye kile kichochoro, wa kwanza anayaona maji ya dawa, anagoma. Nyie mko nyuma mnapiga miluzi. Mwishowe anaruka, na akisharuka mmoja wote wanafuata, pwaa, pwaa, mpaka zizi la nyuma linabaki tupu. Sasa, kuna mtu anayesimama mbele ya mdomo wa josho? Kuna anayesimama kule wanakotokea? Hata mtoto anayeanza kuchunga anajua. Ukisimama pale, wa mbele anageuka, wa nyuma bado wanasukuma, na katikati ndama anavunjika mguu au anakanyagwa. Baba yako akikukuta umesimama pale, fimbo haitakuwa ya ng'ombe.

Mto ni hivyo hivyo. Nyumbu wana vivuko vyao, sehemu ambazo ukingo umeteremka taratibu, na ng'ambo kuna mahali pa kupandia. Gari likisimama pale ukingoni, umefunga mdomo wa josho. Watu wanafikiri mamba ndiye muuaji mkuu. Mamba anakula anachokula na kushiba. Wengi zaidi wanakufa kwa kubanana, kwa kuvunjika kwenye mawe, kwa kuingia mahali pasipo na pa kutokea. Wanaingiaje mahali hapo? Wakati mwingine mto umejaa tu, ni bahati mbaya yao. Lakini wakati mwingine pale pazuri tumepaziba sisi.

Kazi yenyewe basi ni rahisi kuieleza. Unasimama mbali, nyuma ya kilima au kichaka, upepo ukiwa hauwapelekei harufu yako. Unazima injini. Wageni wanakaa chini, hakuna kushuka, hakuna kugonga mlango. Mstari ukishaingia majini na wa kwanza wakishapanda ng'ambo, unasogea polepole. Hapo hawageuki tena, maana wa nyuma wanawafuata wa mbele. Wageni wako wataona mengi. Watakachokosa ni ule mruko wa kwanza tu, na ule mruko wa kwanza, nakwambia kweli, mara nyingi ni kishindo kidogo cha maji kisicho na maana.

Jambo la mwisho kabla sijafika kwa Ghati ni redio. Kila gari lina redio, na siku hizi madereva wana hata makundi ya simu, lakini sheria yake ni ile ile ya zamani: ukiona kitu, unasema. Ni sheria nzuri. Kule hakuna fundi, hakuna duka. Ule udongo mweusi wa mbuga ukilowa unameza gari mpaka milangoni. Mimi niliwahi kuzama na wageni wawili wanene na mmoja anayeimba, na aliyekuja kunivuta alikuwa mtu ambaye asubuhi yake nilikuwa nimemwambia chui yuko wapi. Ndivyo tunavyoishi. Asiyesema haambiwi, na asiyeambiwa hapati simba, hapati chui, na akizama anasubiri. Madereva wanamwita mficha wanyama, na jina hilo likikupata ni baya kuliko jina la mwizi.

Sasa, Ghati alikuja kwetu kambini akiwa kwenye msimu wa majaribio. Ukimalizika vizuri, anaajiriwa. Kwao walikuwa wamempinga, wajomba walisema mwanamke wa Kikurya hawezi kulala porini akiendesha wazungu, na alikuwa amewajibu kwamba msimu ukiisha atarudi na barua ya ajira au atarudi kushona na mama yake wala hatasema neno tena. Kwa hiyo alikuwa na ule msimu mmoja tu. Nilimfundisha kama nilivyofundishwa. Nilipofika kwenye habari ya josho sikuhitaji kumaliza.

"Mzee, kwa hiyo magari yote yale pale ukingoni yamesimama mdomoni?"

Nikamwambia ndiyo. Akauliza kama madereva wale kwao hawana ng'ombe. Wengi wanao, tena wengi kuliko mimi.

Siku yenyewe mimi nilikuwa ng'ambo, upande wa Lamai, na wageni wangu, tumesimama juu ya kilima mbali na mahali nyumbu wangepandia. Kutoka pale nauona mto wote kama mtu anayetazama ua wa jirani. Mvua ilikuwa imenyesha Lamai, unaisikia harufu. Upande wa pili, kwenye kivuko tunachokiita cha Mkuyu, kundi kubwa lilikuwa linajikusanya, pamoja na ndama wa mwaka ule ambao walikuwa wameshakua lakini bado wanakimbia ubavuni mwa mama zao. Nilitazama nyuma ya kundi. Waliolala walikuwa wanainuka. Nikasogeza darubini, nikaliona gari la Ghati peke yake, nyuma ya kilima, injini imezimwa, wageni wake wamekaa. Nilifurahi kama mzazi anayemwona mwanawe anaongoza darasa.

Hakusema kwenye redio, na mimi sikusema. Alikusudia kuwaita wenzake mara wa kwanza watakapopanda ng'ambo. Ndivyo nilivyomfundisha: sema, lakini sema wakati ambao kusema hakuharibu.

Akatokea Chacha. Tunamwita Sirari kwa sababu ni mtu wa mpakani, nusu ya ndugu zake wako Kenya, na Kiswahili chake kimekaa miguu huku na huku. Ni dereva hodari, mcheshi, mkarimu, sitamsingizia. Alikuwa anapita barabara ya juu, akaona vumbi, akaona na gari la Ghati. Nikamsikia redioni akiuliza, "Dada, wewe unangoja nini hapo? Hawa si wako tayari?"

Ghati akamjibu kwa sauti ya chini kwamba wako karibu, na akamwomba aje taratibu asimame nyuma yake. Chacha akasema yeye wageni wake wako na ndege ya asubuhi, hana siku nyingine. Kisha akaita magari yote: wamejaa kwa Mkuyu.

Ukitaka kujua hasira yangu ilipozaliwa, ilizaliwa pale. Ndani ya muda mfupi vumbi la magari likazidi vumbi la nyumbu. Yalikuja kutoka kila upande, mengine yakikata nyasi mahali pasipo na barabara. Kila moja lilitaka kuwa mbele ya lililotangulia, na kwa kuwa nyuma ya kilima hakuna cha kuona, yalilipita gari la Ghati yakashuka mpaka ukingoni. Nilishika redio nikasema rudini nyuma, mnawaziba, rudini. Nilisema kwa Kiswahili, nikasema kwa Kikurya, kwa wanaonielewa. Mmoja akanijibu kwamba mzee tulia, tunapiga picha mbili tu.

Wa mbele wakageuka. Wa nyuma hawakujua, wakasukuma. Kundi likakatika katikati na sehemu kubwa ikakimbia kufuata mto kwenda juu, mpaka pale ukingo unaposimama wima kama ukuta wa nyumba. Kule hakuna gari, kwa sababu kule hakuna nyumbu anayevuka. Wakaruka pale. Sitakueleza yote. Waliotangulia walianguka kwenye mawe, waliofuata wakawaangukia, na ng'ambo hapakuwa na mahali pa kupanda, kwa hiyo waliookoka kwenye mawe wakawa wanazunguka majini chini ya ukuta wa upande wangu, wanajaribu, wanateleza, wanajaribu. Ndama wanalia kama ndama wa ng'ombe. Ni sauti ile ile kabisa. Mgeni wangu mmoja aliniomba tuondoke, na nikamwondoa.

Na wale waliokuwa ukingoni je? Walipata picha zao. Walipiga makofi. Jioni waliwaambia wageni kwamba ndiyo maumbile yalivyo, na wageni wakaamini, kwa sababu aliyewaambia ndiye anayejua. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Kufa kwa nyumbu mtoni ni maumbile, tai wanakula, samaki wanakula, mto wenyewe unakula. Lakini gari la Chacha si maumbile. Lina namba za usajili.

Jioni ile, kwenye banda la madereva, nilidhani tutawasema waliofanya vile. Tukakuta kesi iliyopangwa ni ya Ghati. Mshtaki alikuwa Chacha, kikombe cha chai mkononi, anazungumza kwa upole kabisa.

"Dada, juzi ulizama. Nani alikuvuta? Si mimi?"

"Ulinivuta, kaka, na nilikushukuru."

"Sasa leo unatuficha wanyama. Kama singepita mwenyewe, wageni wangu wangerudi kwao bila kitu."

Ghati akamwambia kwamba angewaita wakishaanza kuvuka, na kwamba kama wangesubiri naye wageni wote wangeona nyumbu wakivuka salama hadi jioni, maana kundi lilikuwa kubwa. Wengine wakaguna. Nikaona niingilie. Nikamuuliza Chacha kama kwao kuna josho. Akasema liko. Nikamuuliza kama amewahi kusimama mdomoni ng'ombe wakiingia. Watu wakacheka, hata yeye akacheka, maana swali lenyewe ni kama kumuuliza mtu kama amewahi kulala jikoni ndani ya moto.

"Mzee Wambura," akasema, "hizo ni ng'ombe za babangu. Hawa ni wa serikali."

Na banda zima likacheka tena.

Kijana wangu, nimetukanwa mara nyingi katika kazi hii, lakini hakuna tusi lililonichoma kama utani ule. Wa serikali! Chai aliyokuwa anakunywa imetoka kwa nyumbu. Ada za watoto wake zimetoka kwa nyumbu. Vitunguu na kuku wanaonunuliwa na mahoteli kwa mama zetu vijijini, vibarua wanaojenga kambi, fundi wa magari Mugumu, wote wanakula kwa sababu mnyama mmoja ananusa mvua na kutembea. Mwenye ng'ombe angejua ni mali yake. Sisi tumepewa kundi ambalo hatulichungi, hatulitibu, hatulinyweshi, linakuja lenyewe mlangoni kila kiangazi, na shukrani yetu ni kulifungia mlango na kusema ni la serikali.

Niliwaambia pia kwamba mimi niliwaona nyumbu wale kabla ya Chacha na sikusema. Kwa hiyo kama ni kesi, washtakiwa ni wawili. Wakanijibu kwamba mimi mzee nakaribia kustaafu, nisijisumbue. Kwangu waliona mvi, wakanyamaza. Kwake waliona mgeni kazini, tena mwanamke, wakapitisha hukumu: asiambiwe kitu.

Na hakuambiwa. Siku zilizofuata redio yake ikawa bubu. Akiuliza, kimya. Mimi nilimwambia kila nilichokiona, lakini gari moja la mzee haliwezi kuona hifadhi nzima. Wageni wake wakaanza kurudi kambini wakiuliza kwa nini wenzao wameona chui na wao wameona twiga tu. Meneja wa kambi, mtu asiye mbaya ila mwenye haraka, akamwita. Akamweleza kwamba yeye hana tatizo na uendeshaji wake, lakini dereva asiye na wenzake hana faida kwa wageni. Akampa njia: aombe radhi mbele ya madereva, yaishe, na barua yake ya ajira itaandikwa.

Nilimshauri aombe. Nakwambia wazi, nilimwambia aseme maneno mawili wakati watu wanakunywa chai, kisha aendelee na kazi. Nilitaka abaki. Jioni ile akasimama katikati ya banda, mikono nyuma kama mwanafunzi.

"Nisameheni kwa kuwa sikuwaita," akasema. "Nilijua mkija watageuka. Mmekuja, wamegeuka. Mwakani pia nitasubiri kwanza wavuke ndipo niwaite, kwa hiyo siwezi kuwadanganya leo kwamba nimejirekebisha. Huo ndio msamaha wangu."

Hakuna aliyepiga makofi, na hakuna aliyecheka. Chacha aliangalia kikombe chake. Msimu ulipokwisha, barua haikuandikwa.

Leo Ghati yuko Nyamongo. Anaendesha boza la maji, lile linalomwaga maji barabarani kutuliza vumbi la malori ya mgodi. Ni kazi halali, inamlisha, na hakurudi kushona. Lakini nilipokwenda kumwona, bodaboda aliyenibeba akanionyesha boza likipita, nikaona yule binti aliyeweza kusoma kundi la nyumbu kutoka vumbi la nyuma akimwagia maji changarawe, nilitamani kurudi na kuligeuza lile banda juu chini. Tulikaa kwenye mgahawa, akaniagizia soda, akanisikiliza nikifoka mpaka nikaishiwa. Kisha akanishangaza. Nilimuuliza kama angerudi.

"Kesho, mzee. Lakini nirudi kufanya nini nikiwa peke yangu?" akasema. "Gari moja likisubiri, wanadhani limeharibika au linaficha. Yangekuwa mawili siku ile, Chacha angeuliza maswali. Yangekuwa matatu, angeona aibu kupita. Nitafutie hayo mengine."

Nilikwenda kumpa moyo, nikarudi na kazi ya kufanya. Ndiyo maana nimekukalisha hapa. Sitaweza kuwabadilisha wazee wenzangu, wameshazoea, na nikifoka wananiona mzee mkorofi wa Nyambureti. Wewe bado hujazoea chochote. Na usiogope ukali wangu, hauko kwako. Wewe una macho mazuri, una subira, nimekuona unavyoweza kukaa na ng'ombe mchana kutwa bila kulalamika. Kazi hii unaiweza. Sheria za hifadhi kuhusu kukaa mbali na ukingo zipo, zisome, lakini askari ni wachache na mto ni mrefu. Ukweli ni kwamba mtoni anayeamua ni dereva wa kwanza kufika na wa pili kufika. Wa kwanza tumekwishampata, na tumemfukuza.

Kwa hiyo siku utakapopewa gari, ukafika Mto Mara, ukaona gari moja limesimama nyuma ya kilima, injini imezimwa na wageni wamekaa, usishike redio. Egesha nyuma yake, zima injini, waambie wageni wako kwa nini mnasubiri, na usisogee mpaka uone nyumbu wa kwanza wamepanda ng'ambo.